Jina Ambalo Ramani Haikuliandika

Kaka yangu Tarjei ameendesha trekta la kuondoa theluji miaka arobaini na tano, na hajaanza na ua wetu hata siku moja. Huanza kwa Ragna, ng'ambo ya mto. Halmashauri nzima, watu mia tisa na kondoo wasiohesabika, humsifu kwamba ana moyo. Mimi husikia sifa hizo nikatamani kuziba masikio. Moyo anao, sikatai, lakini kinachomwamsha mapema hivyo ni dhamiri inayomsuta.

Mwaka 1964 wapima ramani walikuja bondeni kutoka Oslo. Kila kilima, kijito na malisho ya juu mlimani yalitakiwa yaandikwe jina, na wageni wale hawakujua hata upande wa kutokea jua. Wakapewa Tarjei awaongoze. Alikuwa na miaka kumi na tisa, ana miguu ya mbuzi na mdomo mwepesi. Siku sita alimzungusha mkubwa wao, Bwana Wessel, milimani akimtajia majina. Siku ya saba wakafika kwenye kiwanja kilicho juu ya shamba letu, Nesland. Baba alikuwepo. Mimi nilikuwa namimina kahawa.

Kiwanja kile bonde zima lilikiita Kwa Sigrid. Sigrid, mama yake Ragna, alimfanyia babu yetu kazi siku nne kila wiki, na ujira wake ulikuwa ruhusa ya kulima pale penye mawe. Aliyang'oa mawe yale kwa mikono yake, akapanda viazi na shayiri. Rundo lake bado lipo, limenipita kimo. Mumewe alipokufa maji akisukuma magogo mtoni, baba alimwambia ahame, ng'ombe wetu wanapataka. Ragna alikuwa na miaka minne. Alishuka mlima juu ya mkokoteni, kuku mapajani.

“Na hapa panaitwaje?” Wessel akauliza.

Tarjei akamtazama baba. Baba alikuwa anakwangua tope kwenye kiatu, wala hakuinua kichwa.

“Nesland ya Juu,” Tarjei akasema.

Wessel akaandika. “Kahawa tamu hii, binti,” akaniambia.

Ramani ilipotoka, Ragna alienda maktaba akaipitia kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka wakafunga. Mama yake hakuwemo. Watu wakasema, ah, wale wa Oslo wanajua nini, wamechanganya. Nasi tukaitikia pamoja nao. Mwaka uliofuata Wessel alirudi kusahihisha urefu wa kilima kimoja, akabisha kwa Ragna, naye akamfungia mlango usoni. Huku kwetu hata mtoza kodi hupewa kahawa. Wessel alikunywa maji ya mto akaenda zake, na sasa ni marehemu.

Baba naye alikufa. Tarjei akanunua trekta.

Kisha, mwaka 2012, halmashauri ikatangaza kwamba kila barabara itapewa jina na kibao, na majina yatachukuliwa kutoka kwenye ramani. Barabara ya kiwanjani ikapangiwa Nesland ya Juu. Ragna akapinga. Ofisi ikamjibu: lete shahidi aliye hai wa hilo jina la zamani, aeleze na kosa lilivyotokea. Ndipo alipokuja jikoni kwetu na barua yake, ana miaka sabini na minane, na fimbo anayoitumia zaidi kunyooshea watu.

“We Tarjei, mbona umechakaa kuliko trekta lako?”

“Nimechakaa kwa ajili ya ua wako, dada.”

“Basi malizia wema wako. Wewe ndiye uliyetembea na yule mwizi wa Oslo. Nimeandika hapa kwamba ulimtajia jina vizuri, yeye akaandika lake. Weka sahihi.”

Alisogeza karatasi kati ya sahani ya mikate na jibini ya kahawia. Tarjei hakuigusa. Nami, Mungu anisamehe, nikampa kalamu.

“Sahihi tu, kaka,” nikasema. “Mtu mwenyewe ameshakufa, atadhurika nini?”

Tarjei aliishika kalamu ile kitambo, kisha akailaza mezani.

“Wessel hakukosea,” akasema. “Niliyemtajia Nesland ya Juu ni mimi. Baba alikuwa amesimama pale, nikaogopa. Jina la mama yako lingeandikwa, watu wangeuliza alikwenda wapi.”

Ragna aliivuta karatasi yake, akaikunja.

“Nilimnyima mtu kahawa,” akasema. “Hana kosa, ametembea kutwa, nikamnyima kahawa. Na wewe nimekunywesha miaka arobaini na tano.” Kisha akanigeukia mimi. “Gunvor. Siku ile si ndiwe uliyekuwa unamimina?”

“Ndiyo.”

“Ulisikia?”

“Nilisikia.”

Akavaa koti lake. Mkono mmoja wa koti ulimsumbua, wala hakutaka tumsaidie.

Barua iliandikwa upya, ya kweli, tukaisaini wote wawili. Nilipoandika jina langu niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona maishani. Mwezi Juni kibao kikasimamishwa kando ya rundo la mawe: KWA SIGRID. Tarjei ndiye aliyechimba shimo la nguzo. Watu walipanda na vikombe vyao kwenye mifuko ya mgongoni, na Ragna akaja na birika kubwa, akamimina mwenyewe. Alimmiminia karani wa halmashauri. Akawamiminia wenye nyumba za likizo, watu wa Oslo wasiojua hata Sigrid ni nani, akawaongezea.

Tarjei alikuwa amenyoosha kikombe chake. Ragna alipomfikia akapita. Mimi changu nilikiacha nyumbani.