Siku Babu Alipopanda Kichwani kwa Mdogo Wangu

Anayesema mwanamke haimbi wimbo wa wawindaji aje aniulize mimi. Niliuimba mchana kweupe, uwanja umefurika watu, na ngoma zikanifuata! Shule niliishia darasa la pili, nyumba zangu hapa Kharumwa nimezijenga kwa pombe na mchele. Sina haja ya kumdanganya mtu.

Mdogo wangu wa kike alikuwa amelala tangu pamba ianze kupasuka. Hospitali ya Shinyanga walimtibu homa, ikaisha, lakini hakuinuka. Hali chakula, hasemi, anatazama ukuta tu. Mumewe, kijana mrefu aliyekuwa akichimba dhahabu Geita, akaja na suruali yake ndefu na viatu vya mgodini, akakaa kando ya kitanda mpaka macho yakamwiva. Ndipo mama yetu akawaita Waswezi, watu wa ngoma za mizimu, wapige mpaka mzimu uliomshika ujitaje.

Walikuja na shanga zao na manyanga, vile vibuyu vya mbegu. Yakitikiswa pamoja utadhani mvua imeshuka juu ya bati. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mnene, sauti kama radi. Kwa kuwa mgonjwa ni mwanamke, wakapiga nyimbo za mabibi. Bibi mzaa mama, kimya. Bibi mzaa baba, kimya. Mashangazi wa zamani wote wakaitwa. Jua likapanda, likaanza kushuka, mgonjwa kajilaza kwenye mkeka hatikisi hata kidole.

Mimi nikamtazama usoni. Jicho moja kalifumba! Marehemu babu yetu, mwinda tembo, alikuwa akilifumba vilevile akilenga mshale.

Nikampokonya Mswezi aliyekuwa karibu manyanga yake, nikaanza wimbo wa babu, ule wa wawindaji.

Mpiga ngoma akaacha kupiga. "We mwanamke! Huo wimbo wa wanaume!"

"Basi uimbe wewe mwanamume! Mbona umekaa?"

Watu wakaangua kicheko. Yule kiongozi akapaza sauti: "Mfuateni! Mfuateni huyo!"

Lo! Ngoma ziliingia kwa kishindo mpaka nikazisikia kwenye meno. Vumbi likapanda. Na mdogo wangu, aliyeshindwa hata kugeuka kitandani, akasimama. Akatanua miguu, akakohoa kizee, akanguruma kwa sauti nene: "Kigoda changu kiko wapi?"

Kikaletwa kigoda cha wanaume. Akakikalia, mikono magotini.

Mumewe akamsogelea kwa furaha. "Mwadila, mayu," akasema, salamu yetu ya mchana kwa mwanamke.

"Mayu ni nani hapa? Macho yako umeyaacha shimoni?"

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Kiongozi hakucheka. "Mkwe, angalia," alimwambia. "Huyu mzee akiondoka bila kusalimiwa, mkeo atalala tena, na safari hii sina wimbo mwingine."

Babu alikuwa ameshaanza kuinuka kwenye kigoda. Kijana akawatazama wachimbaji wenzake waliomsindikiza. Akaitazama suruali yake. Kumpigia mkewe magoti mbele ya kijiji kizima! Mimi natamani nimsukume.

Akapiga magoti, puu! Akapiga makofi taratibu kama tufanyavyo kwa wazee. "Mwadila, guku." Babu, shikamoo.

"Mwadila, mjukuu wangu. Sasa mbona huyu binti mmemshindisha njaa? Leteni uji."

Akanywa kata nzima. Akaomba nyingine. Mama yetu alimimina huku analia na kucheka, nusu ya uji ikaishia chini.

Asubuhi mdogo wangu alikuwa jikoni, anapuliza moto, hakumbuki kitu. Mumewe akatoka ndani akijinyoosha, akamwona, akapiga magoti palepale mlangoni kwa salamu ya asubuhi.

"Mwangaluka, guku!"

Mdogo wangu akamtazama, akanigeukia mimi. "Dada, huyu mwanamume mmemnywesha nini jana?"