Orodha ya Majina Kumi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika nimelowa chapachapa. Basi lilinishusha Stratford Road, pale Sparkhill, Birmingham, mbele ya duka la nguo za harusi, na ofisi niliyoitafuta ilikuwa juu ya duka hilo, kwenye ngazi nyembamba iliyonukia bizari kutoka mkahawa wa jirani. Tangazo la kazi nilikuwa nimeliona kwenye dirisha la bucha, limeandikwa kwa mkono na kwa Kiswahili: anatakiwa karani mwenye subira. Nilidhani ni mzaha. Wakati huo nilikuwa nikihudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, mgongo umeanza kunisuta, na subira ndiyo kitu pekee nilichokuwa nacho cha kutosha.

Mkurugenzi alikuwa Bwana Harjit, Singasinga aliyezaliwa Kisumu na kuletwa Uingereza akiwa kijana. Aliniuliza nimetoka wapi. Nilipomjibu Nyahururu, alicheka mpaka kilemba kikatikisika.

"Nyahururu! Huko hata samaki nakuja na lori. Wewe umeona bahari, Mama?"

"Sijaiona, Bwana."

"Basi mzuri. Mtu ameona bahari, nasumbua wateja na hadithi yake. Wewe tasikiza."

Ndivyo nilivyoajiriwa kukodisha mashua, mimi mwana wa mlimani, katika mji ambao ukitaka kuiona bahari sharti upande gari na kubeba chakula cha njiani.

Vijana wanaosoma haya huenda hawajui kazi hii ilifanywaje kabla kila mtu hajawa na simu ya kupapasa. Sisi tulikuwa madalali wa katamarani. Katamarani ni chombo chenye miili miwili mirefu, myembamba, iliyounganishwa juu kwa sakafu moja pana. Haiinami sana upepo ukiisukuma, kwa hiyo hata mtu mwenye tumbo jepesi huweza kunywa chai yake bila kuimwaga. Katikati kuna sebule na jiko. Vyumba vya kulala vimo ndani ya ile miili miwili. Na mbele kabisa kuna wavu mkubwa, umetandazwa juu ya maji kama kitanda cha kamba. Wateja wote walipenda wavu huo kuliko kitu kingine chochote. Nilieleza habari za wavu huo kwa simu miaka ishirini na sita. Nilijua unakwaruza mgongo kidogo, na kwamba mawimbi yakipita chini yake hurusha manyunyu usoni. Yote hayo niliyajua kwa kuambiwa.

Wateja wetu walikwenda zaidi visiwa vya Ugiriki. Wenye cheti cha unahodha walikodi chombo kitupu wakakiendesha wenyewe. Wasio nacho tuliwatafutia nahodha. Wiki ilianza Jumamosi, saa kumi na moja jioni, kwa makabidhiano: meneja wa kituo husimama gatini na faili lake, akaonyesha nanga, kamba na pampu, kisha akasoma orodha ya majina. Orodha hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Kila atakayelala chomboni aliandikwa jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti, karatasi ikapelekwa kwa mkuu wa bandari, ikapigwa muhuri. Baada ya muhuri, basi. Chombo cha watu kumi na nahodha wao hakibebi mtu wa kumi na mmoja, hata awe mtoto wa mfalme.

Somo hilo nililipata mwaka wangu wa pili. Kundi la wauguzi wa Kenya walioishi Hodge Hill, wakiongozwa na Mama Njeri, walikodi katamarani ya watu kumi. Niliandika majina kumi. Sikuuliza zaidi, na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu mimi kuliko karani yeyote wa Kizungu nilipaswa kujua. Kwetu mgeni hahesabiwi, anapokewa. Wiki moja kabla ya safari alifika kutoka Murang'a Shangazi Beatrice, dada wa babake Mama Njeri. Nani angemwacha mgeni peke yake katika nyumba ya Birmingham, ahangaike na mashine ya kufulia? Wakamkatia tikiti ya ndege wakaenda naye. Haikuwapitia kabisa akilini kwamba chombo kinaweza kumkataa mtu. Wangebanana tu, kama watu wanavyobanana kila mahali.

Meneja wa kituo alisoma majina kumi, akafunga faili. Shangazi alibaki gatini na mkoba wake na thamosi ya chai. Wengine walikwisha kupanda, na yeye mwenyewe aliwafukuza waende. Alikaa wiki nzima katika chumba cha kupanga juu ya bandari.

Bwana Harjit hakunigombeza kwa sauti. Alivuta kiti akaketi karibu na meza yangu.

"Mama, boti hapana huruma. Meneja hapana huruma, kazi yake nakataza yeye. Huruma iko hapa tu, kwa hii karatasi. Wewe nauliza mara tatu: nani mwingine? Nani mwingine? Nani mwingine? Halafu nahesabu mara tatu."

Nilikwenda Hodge Hill kuomba msamaha. Shangazi alinipa chai. "Usijali, mwanangu," alisema. "Nilikaa pale kwa benchi nikiziangalia zikitoka. Zikifika nje zinafungua lile tanga, zinanyamaza. Ni mzuri sana." Akanijazia kikombe tena. Ningefurahi zaidi kama angenitukana.

Tangu siku hiyo niliuliza mara tatu, nikahesabu mara tatu. Nilipanda kutoka karani wa simu hadi karani wa orodha, hadi msimamizi wa safari zote. Sikuwa mpole. Makarani walioletwa kwangu walinung'unika kwamba nahesabu watu kama mwalimu wa zamu, na walisema kweli. Meneja wa kituo na mimi tulijuana kwa sauti tu. Kila alipojaribu kunishawishi tumwongeze mtu dakika ya mwisho nilimjibu neno lile lile: jina halipo, mtu hapandi.

Na mimi mwenyewe? Kila majira ya kuchipua ofisi ilipeleka mfanyakazi mmoja Ugiriki kukagua vyombo. Mwaka wa kwanza wa zamu yangu pasipoti yangu ilikuwa imeshikwa na watu wa uhamiaji. Mwaka mwingine binti yangu Shiru alikuwa na mitihani. Mwaka uliofuata nilimzika mama, na likizo yote ikaishia Nyahururu. Kisha mume wangu akaugua, na kwa miaka minne sikwenda mbali zaidi ya hospitali. Kabla hajafariki aliniambia, "Ukistaafu, panda moja kwa niaba yetu wawili." Nilimwambia nitapanda. Nilitamani, ndugu zangu. Sitajifanya mtu mzima asiyetamani vitu. Kuna siku nilimaliza kumweleza mteja juu ya ule wavu, nikakata simu, nikaenda chooni nikalia.

Bwana Harjit alipostaafu, mkurugenzi wa pili alituhamishia Longbridge, kwenye jengo la vioo pale palipokuwa kiwanda cha magari. Alikuwa kijana mwungwana, mpenda kompyuta. "Tabitha," aliniambia siku moja, "wateja siku hizi hawataki kuongea na mtu." Sikukasirika. Nilimwomba jambo moja tu, niachiwe orodha mpaka nitakapoondoka, naye akakubali.

Mama Njeri ndiye aliyepanga safari ya kuniaga. Wakati huo alikuwa mwenyekiti wa chama chetu cha kina mama. Alinipigia simu kazini nikiwa nimebakiza wiki tatu.

"Mama Shiru, tumeamua. Ile boti umekuwa ukiuzia watu, this time unaingia. Katamarani ya watu kumi. Nakutumia majina tisa, wewe ujiweke mwenyewe, sawa?"

Nilisema sawa kwa sauti ambayo sikuitambua.

Majina tisa yakaja. Nilianza kuyaandika polepole, nikiyafaidi, kila moja na pasipoti yake. Nilikuwa nimefika la tisa simu ilipolia tena.

"Bado hujatuma?" Mama Njeri alikuwa anahema. "Shangazi Beatrice anakuja! Visa imetoka jana. Ako na miaka sabini na tisa na bado anaulizia hizo boti. Please angalia, kuna nafasi?"

Niliitazama orodha. Majina tisa, nafasi kumi. Moyo uliniruka kwa furaha. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimembeba mwanamke yule pale gatini na thamosi yake, na sasa Mungu ameniwekea mstari mmoja mtupu.

"Ipo!" nilimwambia. "Mwambie Shangazi nafasi ipo."

Nikaandika jina lake kwa herufi kubwa. Nikauliza mara tatu: nani mwingine? Hakuna. Nikahesabu mara tatu: kumi, kumi, kumi. Nikatuma. Ilikuwa orodha yangu ya mwisho na niliipenda kuliko zote. Jioni nilinunua kofia.

Sasa mmekwisha kuelewa. Mimi sikuelewa mpaka Jumamosi, saa kumi na moja jioni, tukiwa gatini. Maji yale ni ya buluu kuliko nilivyokuwa nikiwaambia wateja. Katamarani yetu ilikuwa nyeupe, imefungwa kwa kamba mbili, na wavu wake niliuona mara moja. Meneja wa kituo alinikumbatia kama dada. Kisha akafungua faili, akaanza kusoma, na kina mama wakaitika kwa vicheko kama watoto wa shule.

"Present! Present, teacher!"

La kumi lilikuwa la Shangazi. Aliinua fimbo yake juu. Meneja akafunga faili. Mimi nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo niitike.

Meneja alifungua faili tena, akasoma kimya, akanitazama. Alikuwa na machozi, nami namshukuru kwa hayo, lakini hakunidanganya. "Bibi Tabitha," alisema, "wewe ndiye uliyenifundisha." Muhuri ulikuwa umepigwa. Ofisi ya bandari ilikuwa imefungwa mpaka Jumatatu, na hata ingekuwa wazi, chombo ni cha watu kumi.

Mama Njeri alishika kichwa. "Uliniambia nafasi ipo!"

"Ilikuwepo," nilisema. "Ilikuwa yangu."

Miaka ishirini na sita nilikuwa nimeandika majina ya wanaosafiri, na mkono wangu haukuwahi kujifunza kuandika langu. Nilihesabu wateja, kama kawaida.

Shangazi Beatrice aliketi juu ya mkoba wake palepale gatini. "Mimi siendi. Hapa mimi ni mwenyeji, hata benchi yangu naiona ile. Panda wewe, mwanangu."

Nawaambia ukweli, nilitaka kupanda. Mguu wangu mmoja ulisogea wenyewe. Nilimkumbuka mume wangu, na kwa kitambo kidogo nilimchukia yule mama mzee na fimbo yake. Halafu nikaitazama benchi. Niliinama nikamshika mkono.

"Shangazi, mgeni haachwi gatini mara mbili. Inuka."

Nilimvusha mwenyewe kwenye ubao wa kupandia, nikamkabidhi kwa nahodha. Nikafungua kamba ya nyuma, kwa sababu nilijua inafunguliwaje, nikamrushia. Ilikuwa imelowa maji ya chumvi, nililamba vidole. Kina mama walilia wote, Mama Njeri akasahau kuvuta maboya ya kukinga ubavu wa chombo, na nilimpigia kelele ayavute. Walipofika nje walifungua tanga, wakanyamaza. Ni kweli. Zinanyamaza.

Nilikaa kwenye benchi ile wiki nzima. Waliporudi Jumamosi, Shangazi alishuka wa kwanza, amebabuka pua, akaketi karibu nami bila haraka.

"Nililala kwa ule wavu," alisema. "Unakwaruza mgongo."

"Najua."

"Sasa tumelingana," akasema, na tukacheka mpaka meneja akaja kuona kuna nini.

Nilimpigia simu Bwana Harjit, nikamweleza yote. "Kinyozi hajinyoi, Mama," akasema. "Mimi pia. Miaka yote nauza boti, napanda mara ngapi? Mara mbili." Sauti yake imezeeka sana.

Mkitaka ushauri wa mstaafu, sina mwingi. Kazi ya kuhudumia watu ni nzuri, na orodha iliyonyooka ni namna ya huruma. Hilo bado naliamini. Lakini mkiuliza mara tatu nani mwingine, mara ya nne jiulizeni wenyewe. Mimi sikuambiwa hilo na sikulifikiria.

Naishi Hodge Hill sasa, na Jumamosi ikifika saa kumi na moja najikuta nimesimama dirishani. Wiki iliyopita Shiru alikuja akanikuta mezani na kalamu.

"Unaandika nini?"

"Orodha."

Alizaliwa hapa, Kiswahili anakisikia chote, lakini hunijibu kwa Kiingereza. Aliinama akasoma juu ya bega langu. "Mum, there's only one name on it."

"Ndiyo. Hiyo inatosha kuanza."

Alipokwenda jikoni kuteleka chai, niliinyanyua karatasi nikaisoma kwa sauti, kama inavyosomwa gatini: Tabitha Wangeci. Nikangoja kidogo.

"Nipo," nikaitika.