Niliyemzimisha Jirani Karasha

Aibu nimeipata, lakini hasira bado ninayo! Studio yangu iko Segese, ukuta kwa ukuta na karasha la Baba Maduhu la kusaga mawe ya dhahabu. Juzi nikiwasikilizisha wanakwaya wimbo wao, kila dakika ukaingia mkwaruzo. Nikamvamia mzee, hata shikamoo sikumpa: "Zima! Unaniharibia kazi!"

Akazima, akanifuata studio na vibarua wake wote. Nikacheza wimbo upya, nimebinua mdomo. Mkwaruzo ukaja uleule.

Mwalimu wa kwaya akainamia kompyuta, akatutafsiria maneno yaliyoandikwa kwenye plagini yangu, kile kiprogramu cha kunyoosha sauti: "Hili ni toleo la majaribio. Kelele itaondoka ukinunua."

Baba Maduhu akaniuliza kwa upole, "Sasa niwashe, fundi?"