Swali moja la utafiti wa wahitimu lilivyotaka kuuzisha mashine ya binti wa Mwazye

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo.

Huwa nasoma tu humu na kucheka na comments zenu, leo acha na mimi nichangie. Haya niliyaona mwenyewe, chumvi sijaongeza. Majina nimebadilisha, maana wahusika wapo na simu zao zina bando.

Mimi ni mzaliwa wa Sumbawanga mjini. Nimeshawasikia. Hapana, si mchawi, sisafiri na ungo. Tuendelee.

Nilimaliza degree ya takwimu nikarudi nyumbani kusubiri ajira. Wakati nasubiri nikawa nauza spea za pikipiki dukani kwa baba mdogo, karibu na stendi. Miaka mitatu hiyo. Mtu akiniuliza nafanya nini, nilikuwa na jibu moja tu: "Nipo tu."

Sasa mwaka juzi nikapata kazi ya muda.

Kuna utafiti wa nchi nzima unaofuatilia waliomaliza vyuo vikuu, wako wapi na wanafanya nini. Dodoso la zamani lilikuwa refu hatari, watu walikuwa wanakata simu katikati ya mahojiano. Wataalamu wakaamua kulirekebisha, walifupishe. Kabla ya kulipeleka nchi nzima wakataka lijaribiwe mikoa michache, na Rukwa tukaangukiwa.

Tukachukuliwa wadadisi wachache, tukapewa vishikwambi na vizibao vya kung'aa. Bosi wetu alikuwa mama mmoja kutoka Dodoma, tulimwita Madam. Mpole, lakini akikutazama juu ya miwani unakumbuka dhambi zako zote.

Dodoso jipya lilikuwa na mlango wake, swali la nne: "Je, umeajiriwa kwa sasa?"

Ukibonyeza Ndiyo yanafunguka maswali zaidi ya sabini. Ukibonyeza Hapana, linaruka moja kwa moja hadi mwisho: "Asante kwa ushirikiano wako."

Wakuu, nisiwe mnafiki, tulizipenda sana Hapana. Unakaribishwa, unaulizia majina, unafika swali la nne, unashukuru, unaondoka chai ikiwa bado ya moto. Mitaa ya Chanji nilizikusanya Hapana mpaka wenzangu wakaniona mchapakazi.

Halafu nikapangiwa Mwazye, kule Kalambo.

Ilikuwa masika, na wanaoijua ile barabara wakati wa mvua hawahitaji maelezo. Nilifika na tope mpaka kwenye kitambulisho. Mhojiwa wangu alikuwa binti mmoja, tumwite Leokadia, ana degree ya ualimu wa hesabu. Anaishi kwa baba yake, Mzee Kasiano, mkulima wa mahindi na ulezi, mtu wa kanisani, mrefu, maneno yake machache.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Unatoka serikalini?"

Nikamweleza natoka kwenye utafiti. Akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani, akatoka amevaa koti la suti. Wakuu, mzee alivaa koti kwa ajili ya dodoso langu.

Utaratibu unasema mhojiwa ahojiwe peke yake. Nikalisema hilo kwa adabu zote. Mzee akavuta kigoda, akakaa. "Huyu nimemsomesha kwa jembe," akasema. "Acha nisikie anavyojibu."

Leokadia akacheka. "Mwache baba akae, kaka. Sina siri."

Basi, jina, chuo, mwaka wa kumaliza. Swali la nne.

"Je, umeajiriwa kwa sasa?"

"Hapana. Nasubiri."

Nikabonyeza. Nikasoma kama nilivyofundishwa: "Asante kwa ushirikiano wako."

Mzee akasogeza kigoda karibu.

"Limekwisha?" mzee akauliza.

"Limekwisha mzee."

"Na aliyeajiriwa mnamuuliza mangapi?"

Hapo ningekuwa na akili ningedanganya. Mimi nikasema yanazidi sabini.

Mzee akainuka, akavua lile koti akalikunja mkononi, akaenda zake kwa ng'ombe. Nilijisikia vibaya, ingawa sikujua hasa nimekosea wapi.

Leokadia akanisindikiza. Nyuma ya nyumba, chini ya turubai, nikaona dude limefunikwa, lina matairi.

"Hii nini dada?"

"Mashine ya kupukuchua mahindi. Ya kwangu."

Akanieleza kwamba alikuwa akifundisha tuisheni, akaweka akiba, akainunua. Msimu wa mavuno anaivutisha kwa ng'ombe wa baba yake, anazunguka kijiji hadi kijiji. Watu wanamlipa kwa mahindi, anayatunza, anayauza bei ikipanda. Anaifunga mvua zikianza.

"Sasa mbona hukusema?"

"Umeniuliza kama nimeajiriwa," akasema. "Nani kaniajiri mimi?"

Nikawasha kishikwambi nirekebishe, kumbe kilikuwa kimeshaifunga fomu yake.

Haikuisha hapo. Kabla ya Pasaka akanipigia simu, sauti yake haikuwa ile ya kucheka.

Baba yake ameamua. Mwanzo mzee alikuwa anaanza kuikubali ile mashine, hata Jumapili baada ya misa alikuwa anawatajia wenzake. Ila tangu nilipoondoka mimi amebadilika. Anasema serikali imetoka huko iliko, imemuuliza binti yake swali moja ikamwona hana kazi, ikaaga. Kwa hiyo mashine iuzwe, Leokadia aende Mbeya kwa baba yake mdogo, akakae karibu na maofisi. Mnunuzi ameshapatikana Matai.

"Mwambie dodoso lenyewe linarekebishwa," nikasema.

"Nimemwambia. Kasema serikali haiwezi kukosea kuuliza."

Mashine ni ya kwake, ndiyo. Lakini uwanja ni wa baba, ng'ombe wa baba, na yeye si mtu wa kubishana na mzazi wake. Alichofanikiwa ni kumwomba wavune kwanza. Mzee akakubali, msimu mmoja tu, ukiisha mnunuzi anakuja kuchukua mzigo wake.

Wakuu, iliniuma. Mimi huwa nalala fofofo hata nikidaiwa kodi, lakini ile simu niliiwaza wiki nzima. Binti wa watu anapoteza mtaji wake kwa sababu nimemsomea sentensi ya shukrani.

Kikao cha marekebisho kikaitishwa pale mjini. Wataalamu wamekuja, laptop zimepangwa, sambusa zipo. Mjadala mkubwa ukawa kama tuongeze swali la matumizi ya kompyuta. Nikanyoosha mkono, nikasema swali la nne ni bovu.

Mtaalamu mmoja akaniuliza kwa upole wa kuudhi kama nina ushahidi au nina hisia. Nikamsimulia habari za Mwazye. Akasema huyo ni mmoja, hawezi kubadilisha dodoso la taifa. Nikamwambia kaka, huko mashambani asubuhi hukuti mtu amelala, lakini kwenye kishikwambi changu kijiji kizima hakina kazi.

Madam akanitazama juu ya miwani. Nikajua nimefukuzwa.

Badala yake akawageukia wadadisi wote. "Ninyi, kabla hatujawachukua, mlikuwa mnafanya nini?"

Wa kwanza akasema alikuwepo tu. Wa pili hivyo hivyo. Mimi pia.

"Upo tu wapi?" akaniuliza.

"Dukani kwa baba mdogo."

"Unafanya nini dukani?"

"Nauza spea, naagiza mzigo Mbeya, naandika mahesabu."

Akawarudia wenzangu mmoja mmoja. Mmoja alikuwa anachukua dagaa Kipili anawauzia wenye maduka mjini. Mwingine anafuga kuku wa mayai. Ukumbi ukaangua kicheko, na yule mtaalamu wa hisia akacheka kuliko wote. Baadaye alikiri kwamba hata mdogo wake, graduate wa uhasibu, yupo tu, na ana bucha mbili.

Tukakaa na lile swali siku nzima. Neno ajira likatolewa, na neno kazi nalo likatolewa, maana kwetu mtu akisikia kazi anaona ofisi na barua ya serikali. Likabaki hivi: "Katika miezi kumi na miwili iliyopita, umekuwa ukijishughulisha na nini?" Ukitaja chochote, unaulizwa yote yanayofuata kama mwenye ofisi yake. Na ile miezi kumi na miwili niliipigania mimi, kwa sababu huku ukimuuliza mtu habari za wiki iliyopita wakati wa masika, utamkuta mashine yake iko chini ya turubai.

Likaja jaribio la pili, mwezi wa saba. Nikamwomba Madam anipe Mwazye.

Wale wa Dar mnaosema mnaijua baridi, njooni huku kwetu Ufipa mwezi wa saba halafu tuongee. Nilivaa masweta mawili na bado meno yaligongana njia nzima.

Mashine niliisikia kabla sijaiona. Uwanja umejaa mahindi, watu wamepanga foleni na mizigo yao. Leokadia amejifunga kilemba, vumbi usoni, anaamuru. Binamu zake wawili wanalisha mashine. Na Mzee Kasiano amekaa kwenye kigoda na sindano kubwa, anashona midomo ya magunia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. "Umekuja kushukuru tena?"

Nikasema nimekuja kuuliza upya, safari hii maswali ni mengi. Hapo akainua kichwa.

"Mangapi?"

"Yanakaribia themanini."

Akatia sindano kwenye kofia yake. "Zimeni mashine," akawaambia wale binamu. Foleni ikaanza kunung'unika, mama mmoja akasema ametoka mbali tangu alfajiri. Mzee akamwambia asubiri, binti anahojiwa.

Tukaanza. Leokadia kakaa juu ya magunia, mimi kwenye ndoo. Umekuwa ukijishughulisha na nini? Napukuchua mahindi. Ulianzaje? Unahudumia vijiji gani? Elimu yako inakusaidia wapi? Hapo akaeleza anavyopiga hesabu ya mafuta kabla hajakubali safari, na foleni nzima ikanyamaza kusikiliza.

"Je, kuna watu unaofanya nao?"

"Watatu. Binamu zangu wawili, na baba."

Kishikwambi kinataka kila mmoja na lake. Nikauliza baba anafanya nini.

"Anashona magunia. Ng'ombe nao ni wake."

"Unamlipa?"

Leokadia akaangalia chini. Kulisema hilo mbele za watu, la mzazi wake, ni gumu. Mzee akajibu mwenyewe.

"Ananilipa. Magunia mawili kila msimu. Andika."

Nikaandika: mfanyakazi, mwanamume, fundi magunia. Akaniomba nimsomee nilichoandika. Nikamsomea, akayarudia taratibu: mfanyakazi, fundi magunia.

Karibu na mwisho kuna swali ambalo sikulitunga mimi, na siku ile nilitamani lisiwepo: "Je, unatarajia kuendelea na shughuli hii mwaka ujao?"

Leokadia machozi yakamlengalenga, akageukia upande wa mashine. Nikangoja. Foleni nayo ikangoja, maana kijijini habari ya mnunuzi wa Matai kila mtu anaijua.

"Leokadia," mzee akasema. "Mgeni anakusubiri. Mwambie ndiyo."

"Ndiyo," akasema, akijifuta macho kwa ncha ya kilemba.

Nikabonyeza, na mimi pua imeshaanza kunisumbua. Nikasingizia vumbi.

Dodoso lilipita, na swali letu limo. Msimu ulipoisha Leokadia akanitumia ujumbe. Yule mnunuzi alikuja kweli, na gari la kubebea. Akamkuta mzee yuko peke yake uwanjani, akamwambia amefuata mashine yake kama walivyokubaliana.

Mzee akamjibu kwamba yeye hapo ni mwajiriwa tu, amsubiri mwenye mashine arudi. Mnunuzi akarudi Matai na gari tupu.

Nilichojifunza wakuu: kuna watu tunawahesabu hawana kitu kwa sababu ya namna tunavyowauliza, na wazazi wao wanatusikia tukiwahesabu. Ukienda kuuliza mtu maisha yake, uliza kama una muda wa kumsikiliza.

Wale mliowahi kuambiwa mmesoma bure huku mnawalisha waliosema hivyo, jukwaa ni lenu. Na wapinzani wa takwimu pia mnakaribishwa, ila njooni na hoja.