Mchumba Wangu Ndiye Aliyevuruga Orodha ya Harusi, Mimi Ndiye Natakiwa Kuomba Radhi

Admin, jina langu lifiche tafadhali, maana nusu ya kamati yangu ya harusi inafuatilia page hii. Wengine mtanijua tu kwa kisa chenyewe. Mkinijua, nyamazeni.

Nina miaka 29, ni Msandawe wa Chemba, naishi Kikuyu hapa Dodoma na nafanya kazi kwa mkandarasi. Kazi yangu ni kufuatilia miradi: nani anafanya nini, na kazi ipi iko chini ya kazi ipi. Mchumba wangu, nimwite Yohana, ni mwalimu wa sekondari, Mgogo wa Gulwe. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na kaka wa baba yake, ambaye sote tunamwita Baba Mkubwa. Mzee huyu aliuza ng'ombe ili Yohana asome, na ndiye anayesimama kama mzazi kwenye ndoa yetu. Asiposimama yeye, hakuna harusi.

Kamati yetu ilikuwa kelele tupu. Kila kikao ni ugomvi wa nani aliambiwa alete maturubai. Nikaona isiwe tabu, nitumie programu tunayopangia miradi kazini, ambayo mtu anaifungua hata kwenye simu. Nikaandika orodha kwenye Excel: safu ya kwanza namba, ya pili jina la mhusika, ya tatu kazi yake. Namba 1 ni kazi kubwa, namba 2 ni kazi ndogo iliyo ndani yake. Ukiliingiza faili, programu inamchukua kila mwenye namba 2 na kumweka chini ya mwenye namba 1 aliye juu yake. Baba Mkubwa nilimweka mstari wa kwanza kabisa, namba 1, na chini yake watu wa ng'ombe na wa kuni. Mdogo wangu Anitha, binti wa miaka kumi na tisa, alikuwa huko mwisho, namba 2, anaosha vyombo. Na ili wazee waelewe, nikayabadilisha maneno ya programu: kazi kubwa nikaiita Mzazi, ndogo nikaiita Mtoto. Nilijiona nina akili kweli.

Yohana akaomba alipitie faili mimi nikiwa saiti Haneti. Lakini mwalimu ni mwalimu. Akaona majina yamekaa ovyo, akayapanga kwa alfabeti kama rejista ya darasa. Tena alipanga majina na kazi zake tu, namba zikabaki zilipokuwa. Akaliingiza faili kwenye programu, akatuma kiungo kwenye grupu la kamati bila kuniuliza.

Sasa piga hesabu mwenyewe. A ni ya Anitha, akapanda juu kabisa kwenye namba 1. Anayefuata ni nani? Baba Mkubwa, namba 2. Kwenye simu ya kila mwanakamati pakasomeka: "Mzazi: Anitha, kuosha vyombo. Mtoto: Baba Mkubwa."

Upande wangu wakaanza kucheka kwenye grupu. Upande wa Yohana hakuna aliyeandika hata neno, na hapo ndipo nilipojua pameharibika. Jioni Baba Mkubwa akapiga, tukiwa sebuleni kwangu. Yohana akaweka spika.

"Mwanangu, mimi nimesomewa na jirani. Nimeambiwa mimi ni mtoto wa Anitha. Huyo Anitha ni nani?"

"Ni mdogo wake mchumba wangu, Baba."

"Hapo harusini anafanya kazi gani?"

"Anaosha vyombo."

Mzee akauliza, "Nani kaandika?"

Jamani, nilimwangalia Yohana nikisubiri aseme. Akainamisha kichwa. "Baba, mambo ya programu anayajua mwenzangu. Ni yeye."

Akanisogezea simu. Nikasema, "Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Ni wewe?"

Yohana alikuwa ameshika mikono pamoja, ananiomba kwa macho. Nikasema ndiyo. Mpaka leo sijui ulimi ule ulikuwa wa nani.

Mzee hakufoka. Angefoka ningejua pa kuanzia. Alisema tu, "Basi njoo Gulwe. Sitaki faini, sitaki mbuzi. Njoo uniambie nilikukosea nini."

Simu ilipokatika nikamgeukia Yohana. Akasema, "Wewe ni mgeni, mgeni husamehewa. Mimi kanilea. Akijua ni mimi, atasema nimesahau nilikotoka." Nikamwambia si amweleze kwamba alikosea kupanga? "Hataelewa mambo ya alfabeti," akasema. Mzee aliyekupeleka shule hataelewa kwamba A inaanza kabla ya B? Eti mke mwema humsitiri mumewe. Mke! Hata matangazo ya ndoa kanisani bado hayajasomwa.

Orodha niliirekebisha siku ileile, haikuchukua muda, Baba Mkubwa yuko juu panapomstahili. Lakini nani wa kwenda kumsomea tena? Anitha analia, anaona yeye ndiye chanzo. Mama yangu anasema funika kombe mwanaharamu apite, wanaume wa kuoa siku hizi ni wa kutafuta. Na Yohana nampenda, sitawadanganya. Ni mpole, hajawahi kuniinulia sauti. Ila tangu siku ile nikimwangalia najiuliza, yakija makubwa ndani ya ndoa, atanisukumizia mangapi?

Jumamosi tunakwenda Gulwe. Nikishikilia kuwa ni mimi, mzee atakufa akiamini mke wa mwanawe alimdharau kabla hata hajaolewa. Nikisema ni Yohana, nitakuwa nimemgombanisha na baba pekee aliyebaki naye, na sidhani kama atanioa tena. Nishaurini kabla ya Jumamosi, nifanye nini? Maana yule mzee ataniangalia usoni aniulize alinikosea nini, na hajanikosea chochote.