Kanifu Iliyolazwa Ndani ya Chumvi

Harufu ya maji ya chumvi yaliyokwisha kulaza samaki si harufu ya samaki wenyewe. Ni kali zaidi, inashika kooni kama moshi wa kuni mbichi. Kwetu Bigo, mtaa wa Bunia, ilikaa uani msimu mzima wa mvua, mwaka ule baba alipokwenda Mongbwalu kuchimba dhahabu, na mama akaanza kutia chumvi samaki wa ziwani pamoja na shangazi, dada yake baba. Pipa lilikuwa moja na kisu kimoja: kanifu ya baba, kile kisu cha kukunja chenye mpini wa mbao. Mgongoni mwa mpini mlikuwa na resori, chuma chembamba kinachoushikilia ubapa usijifunge.

Kila Jumamosi jioni mama aliikunja kanifu akaizamisha ndani ya pipa. Jumapili ilikuwa ya kanisa, hakuna aliyegusa samaki, na kisu nacho kilipumzika. Mama alisema chumvi inayozuia samaki asioze haiwezi kushindwa kulinda chuma. Shangazi alikubali, na mimi pia niliona ni akili. Shule sikwenda mbali, siwezi kumcheka mtu. Jumatatu waliufuta ubapa kwa kitambaa, ukang'aa, wakaridhika. Resori iliyojificha ndani hakuna aliyeifuta. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Asubuhi moja shangazi alikuwa akipasua samaki mkubwa, tukasikia kitu kimekatika, na ubapa ukajifunga juu ya kidole chake. Mama alimfunga kile kidole kwa kipande cha kitenge, kwa upole. Sitaki kumsingizia ukali. Kisha akaokota kanifu, akauliza kama shangazi aliifungulia kopo. Shangazi akakana. Mama akamwambia wifi yake polepole, "Kisu haivunjikake yenyewe, muramu." Shangazi akavaa viatu vyake akaenda, na kesho yake hakuja. Kwenye bomba la maji majirani walitania kwamba hawa wawili wameachana bila kuoana. Mama alicheka nao, lakini nyumbani alikuwa akimwaza baba. Baba angerudi, angekuta dada yake amefukuzwa kwa ajili ya kisu.

Mama alinunua kanifu nyingine, akaendelea na desturi yake ya Jumamosi. Kabla mvua hazijakwisha, ile mpya ikakatika mkononi mwake mwenyewe, na hakuna mwingine aliyekuwa ameigusa. Alikaa chini, akachukua msumari na jiwe, akang'oa ribiti, vile vipini vya chuma vinavyoushikanisha mpini, akaufungua. Ndani resori ilikuwa ya rangi ya udongo, ina vishimo kama mahindi yaliyoingiwa na wadudu, na chumvi nyeupe imeganda pembeni. Nijuavyo mimi, na huenda nakosea, maji ya chumvi yalikaa mle bila kukauka; na chuma kile, kisu kikifunguliwa na kufungwa, hupinda na kunyooka daima, basi pale kutu inapochimba kidogo ndipo kinapokatikia.

Alifunga vipande vya kanifu zote mbili katika kitambaa, tukaenda kwa shangazi. Akavipanga juu ya kiti.

"Haiko weye," akasema. "Iko chumvi. Na chumvi, ni mimi niliwekaka."

Shangazi alivigeuza kimoja kimoja. "Na mimi nilikuwa naitika kila Jumamosi," akasema. Halafu akainua kidole chake chenye kovu. "Lakini hii, chumvi haitalipa. Kesho weye utapasua, mimi nitakaa."

Siku hizi nina pipa langu hapa hapa Bunia. Natumia kisu cha kipande kimoja, kisicho na resori. Nakisuuza kwa maji baridi, nakikausha, na kinadumu. Kwa visu nimewapita wakubwa wangu. Lakini kitu kikiharibika nyumbani, iwe simu au beseni, bado nasikia mdomo wangu ukiuliza nani alikishika mwisho, kabla sijatazama ndani. Mama alihitaji kisu cha pili kivunjike ndipo aende kubisha mlango wa mtu. Mimi sijui nitahitaji vingapi.