Siku Mpishi Mabel Alipowakasirikia Watani

Kuku wa kijiji cha Mkunya bado wamelala juu ya miti, na Mabel Mponda ameshapiga magoti mbele ya mafiga, anapuliza. Kuni za mkorosho zinatoa moshi mwingi kuliko moto. Anakohoa, anajifuta macho kwa pindo la kanga, anapuliza tena.

"Moto huu una kiburi kama wenyeji wake," anasema. Siku nyingine angecheka mwenyewe kwanza. Leo hacheki.

Mabel, ambaye wakubwa kwa wadogo humwita Mama Godwin, ana miaka arobaini na saba na ni mpishi wa Shule ya Msingi Nandima. Ni Mmakua wa Nanganga, kule bondeni Masasi, aliyepandishwa huku juu na ndoa. Alhamisi hii ya mwanzo wa Desemba 1994 shule inafungwa, na yeye ndiye wa kuwalisha wanafunzi zaidi ya mia tatu, walimu wao, wazazi wao, na yeyote mwingine atakayevutwa na harufu.

Mbuzi wawili wamechinjwa na Mzee Ashiru, muadhini wa msikiti, ili asitokee mtu wa kusema nyama ile hailiki kwake. Mbaazi zimelowekwa tangu jana. Maji wameleta watoto kichwani, kila mmoja na galoni lake, maana bomba halijatoa hata tone tangu Jumapili.

Kufunga shule hapa si kusoma majina ya walioshinda kisha kila mtu ashike njia yake. Wamakonde huleta ngoma yao ya sindimba, Wamakua masewe, Wayao beni. Kwaya ya kanisani huimba, vijana wa madrasa hupiga dufu, halafu watu wote hukaa majamvini wakila kutoka chungu kimoja. Ndivyo ilivyokuwa tangu Mabel aanze kazi, miaka kumi na sita iliyopita.

Mwaka huu chungu chenyewe ndicho kinachougua.

Zamani mahindi yalikuwa yakiletwa na serikali. Siku hizi ni uchangiaji: mzazi atoe debe, mzazi atoe fedha, mzazi atoe na kuni. Tangu wanunuzi binafsi waanze kufika na malori yao kutafuta korosho, kuna nyumba zilizoezekwa bati na kuna nyumba ambazo hata makuti zimeyakosa. Wenye bati wakaanza kunung'unika kwamba wanawalishia watu watoto.

"Hiki ni kipindi cha soko huria," Mzee Sadallah, mwenyekiti wa kamati ya shule, aliwaambia wazazi mwezi Julai. "Kila mtu abebe mzigo wake."

Wakajaribu. Mwezi mzima kila mtoto alikuja na chakula chake, na Mabel akaambiwa akae nyumbani. Waliokuwa nacho walikuja na maandazi na mkate wa siagi. Wengine walikuja na kipande cha muhogo. Na wapo waliokuja mikono mitupu, ambao saa ya kula ikifika walikwenda nyuma ya darasa la nne wakasimama kando ya ukuta, wakijifanya wanacheza gololi.

"Gololi zenyewe hawana," anasema Mabel. "Mtoto mwenye njaa anajua kujificha, nakuambia. Ukimfuata anakwambia hasikii njaa, huku midomo imempauka."

Alikwenda nyumba kwa nyumba akipiga kelele mpaka kamati ikarudisha chungu, lakini kwa majaribio tu, hadi Desemba. Leo, baada ya kula, wazazi watapiga kura. Wakikikataa, Januari hakuna chungu wala mpishi. Mshahara wake ni shilingi elfu nne kwa mwezi, na mwezi mbaya hulipwa debe la makopa, muhogo mkavu.

"Mimi nitauza hata vitumbua barabarani," anasema. "Wale wa ukutani je? Watauza nini?"

Kumbe kisa chenyewe kilikuwa bado njiani kinakuja.

Jua lilikuwa linachomoza pale wanawake sita walipotokea upande wa barabara, wanaimba na kukata viuno. Mbele yao alikuwa Sikudhani, Mama Ashraf, Mmakonde wa hapahapa, mwanamke mwenye mdomo usiokuwa na kufuli. Ni shoga yake mkubwa Mabel, na ni mtani wake.

"Jamani, waokoeni watoto!" alipaza sauti Sikudhani. "Mmakua anataka kuwalisha! Watu waliotoka bondeni wakichimba mizizi, leo wanajiita wapishi!"

Wakaizunguka sufuria kubwa, ile ambayo mtoto wa darasa la tatu anaweza kuogea ndani, wakaishika masikio na kuinyanyua. Wakaanza kuondoka nayo, wanaimba.

Msomaji wa mbali asishtuke. Huku ndiko utani ulikojenga nyumba. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, akabeba kitu chako mchana kweupe, na wewe kazi yako ni kucheka na kukikomboa kwa wimbo au kwa kucheza ngoma. Mwaka jana walimficha chumvi. Mwaka juzi Mabel mwenyewe alimfungua mbuzi wa Sikudhani kambani, akamrudisha jioni baada ya mwenye mbuzi kuomba kwa kupiga magoti, kijiji kizima kikishangilia.

Kanuni ni moja tu, na hata mtoto anayenyonya anaijua: mtani hakasiriki.

Lakini Mabel hakuwa amepata usingizi. Kichwani mwake kulikuwa na kura, na ukuta wa darasa la nne. Alipoiona sufuria ile inakwenda, akili ikamruka.

"Wekeni chini!" alipiga kelele. "Wezi wakubwa nyie! Mwalimu! Mwalimu, njoo, naibiwa!"

Na machozi yakamtoka, machozi ya kweli.

Wimbo ulikatika. Sikudhani aliishusha sufuria polepole, akamtazama shoga yake usoni.

"Mama Godwin," aliuliza kwa sauti ya chini, "umekasirika?"

"Ndiyo, nimekasirika! Mna nini nyie?"

Lo! Neno likishatoka halirudi. Mwalimu mkuu, Filemoni, mtu wa mikoa ya ziwa ambaye ana mwaka wa pili hapa, alifika mbio akauliza mwizi yuko wapi. Sikudhani akamjibu kwa adabu zote: "Hili la watani, mwalimu wetu. Hili huliwezi." Wale sita wakaiacha sufuria palepale, wakaenda kukaa barazani mwa ofisi, wamejifunga kanga vifuani.

Anayemkasirikia mtani wake amevunja utani, na mpaka alipe faini, watani hawagusi chakula chake. Habari zikatembea. Kufika saa tatu kila Mmakonde aliyeingia uwanjani, na ndio wengi, alikuwa ameshaambiwa: kucheza tutacheza, kula hatuli. Wamakua nao wakanuna kwa niaba ya binti yao. Wayao wakatandika majamvi yao pembeni, wasije wakaonekana wana upande. Sherehe ya pamoja ikawa na pande tatu hata kabla ya ngoma ya kwanza.

"Si mnaona?" alisema Mzee Sadallah, mikono nyuma. "Chungu kimejifia chenyewe, wala hatuna haja ya kura."

Maneno hayo ndiyo yaliyomwinua Mabel. Alikwenda nyumbani kwake, akamkamata jogoo wake mmoja, akarudi naye kwapani mpaka barazani.

"Watani zangu, nimekosa," alisema. "Nilipitiwa. Faini yangu hii hapa."

Sikudhani alimkagua jogoo kuanzia kishungi hadi kucha. "Jogoo mwenyewe kakonda kama mwenye naye. Mrudishe akale kwanza."

"Sasa mnataka nini?"

"Mwiko."

Masharti yalikuwa haya: mwiko aukabidhi kwa watani, yeye akae kwenye mkeka kama mwali, asitie mkono wala asiseme neno mpaka chakula kiive. Watani ndio watakaopika.

Hapo Mabel alisimama kidogo. Hii ndiyo siku wazazi wanakuja kuamua kama mpishi anahitajika, na yeye anaombwa akae mkekani, sufuria ipikwe na wengine mbele ya macho yao. Ni sawa na kumpa mtu panga akukatie tawi ulilokalia.

"Nilijua najichongea," anasema sasa. "Lakini niliwaza, kazi ikipotea imepotea. Watu wakishakataa kula pamoja siku ya leo, kesho utawakalishaje?"

Akautoa mwiko, mrefu kama mpini wa jembe, akauweka mikononi mwa Sikudhani, akaenda zake mkekani.

Ee, pakawa na sinema ya bure!

Sikudhani alipiga mwiko mara tatu kwenye uji wa ugali, kijasho kikamtoka. Ugali wa nyumbani ni kitu kimoja, ugali wa watu mia nne ni kitu kingine. Akamwita Oliva, Mmakua wa kwaya ya kanisani: "Wewe unayejua kuimba tu, njoo ushike hapa!" Oliva naye akawageukia Wayao: "Na nyie mmejikausha nini huko? Mnangoja kula tu?" Majamvi ya pembeni yakaachwa. Kanga zikafungwa viunoni. Huyu anakuna nazi, yule anachochea kuni, watatu wamesimama juu ya benchi la darasa wanasonga kwa zamu, wakitukanana kwa makabila yao kwa furaha kubwa.

Na Mabel mkekani? Ameuma pindo la kanga asiseme. Mbaazi zikaanza kufurika. Alijizuia, alijizuia, mwisho akakohoa.

Wanawake wote wakageuka. Wakafuata macho yake, wakaziwahi mbaazi.

Nyama ikasahauliwa chumvi. Mabel akakohoa tena, mara hii akitazama kopo la chumvi.

"Faini! Anasema!" alilalamika mmoja.

"Kikohozi si neno," aliamua Sikudhani, akijifuta uso. "Mwacheni mgonjwa akohoe." Kuanzia hapo chakula cha kufunga shule Nandima kikapikwa kwa kikohozi, na watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini.

Kiliiva saa nane. Mbaazi zilikuwa tamu. Nyama ilikuwa tamu. Ugali, tusidanganyane, ulikuwa na madonge makubwa kama ngumi. Hakuna aliyekataa. Mtoto wa madrasa na mtoto wa kwaya walikuwa wakigombea donge moja kwenye sinia, na Mzee Ashiru akaongezewa mara mbili. Wale watoto wa nyuma ya darasa la nne walikaa katikati ya wenzao, na hapo hapakuwa na mtu wa kuweza kusema yupi ni yupi.

Shibe ikaleta mengine. Wanawake wa Kimakonde walidai wavalishwe masewe, njuga zile za miguuni, wawaonyeshe Wamakua jinsi ngoma yao inavyochezwa. Wavulana wa Kimakua wakajibu kwa kuingia sindimba, viuno vikagoma kabisa, na bibi mmoja akawafuata akiwashika nyonga na kuwazungusha kwa mikono yake. Mwalimu Filemoni, aliyekuwa akipiga makofi kwa mbali, aliburutwa mpaka katikati ya beni, ngoma ichezwayo kama gwaride, akapewa fimbo ya ukamanda. Kwa kusema kweli, aliiweza.

Vumbi lilipotulia, Mzee Sadallah alisimama. Aliuliza swali bila mapambo: chungu kimoja kiendelee Januari, au kila mtu na chake?

Alisimama Sikudhani. Akanyoosha viganja vyake mbele ya watu. Vilikuwa vimetoka malengelenge.

"Tazameni," alisema. "Hii ni siku moja tu. Tulikuwa wanawake kumi na tano, na ugali mmeuona wenyewe. Huyu Mmakua wa mizizi huufanya peke yake kila siku, na sijawahi kumwona mtoto akitema donge. Mimi bati ninalo, kila mtu analiona. Lakini leo nimepakua, nikaona watoto ambao sijui kama jana walikula. Nimewaona kwa macho yangu, jamani. Sasa nani hapa atasimama aniambie Januari wale wakasimame ukutani? Asimame, nimsikie."

Mzee Sadallah akaugeukia uwanja.

"Wanaokitaka chungu, mikono juu."

Mikono ikapanda uwanja mzima, iliyooshwa na ambayo bado ina mchuzi. Mzee Sadallah aliitazama, akakuna shingo, kisha akainua ya kwake yote miwili. "Huu wa mwenyekiti," alisema, "na huu wa mzazi." Vigelegele vilivyopigwa hapo nadhani vilisikika mpaka kijiji cha Chilangala.

Wakaamua na la pili palepale: kila wiki wanawake watatu, kutoka pande tatu, watakuja kumsaidia Mabel kusonga. Mabel alijaribu kushukuru, akashindwa, akajifunika uso kwa kanga.

"Ukilia tena, faini!" alifoka Sikudhani, na yeye mwenyewe alikuwa analia.

Jioni, watu wamekwishatawanyika, mwandishi wa makala haya alimkuta Mabel nyuma ya shule, anapima ardhi kwa hatua. Kamati imemkubalia kipande kile. Mvua za kwanza zikishuka atapanda mbaazi na mihogo, na wanafunzi watakaobaki likizo wamesema watalima naye, ili mwaka wa michango kukwama sufuria isilale.

Aliulizwa anatarajia nini Januari. Alikung'uta majivu kwenye kanga.

"Nataka mtoto aje na sahani yake, basi. Nisimwulize kabila, nisimwulize dini, nisimwulize kwao wameuza magunia mangapi ya korosho. Nimwulize neno moja tu: nikuongezee?"